Kufuli la pumzi kwenye starta: tathmini kwa wenye mabasi na malori Dodoma

Kifaa kina sehemu mbili: kichwa cha kupulizia na kisanduku kinachofichwa chini ya dashibodi, kinachokata waya wa relei (swichi ya umeme) ya starta. Dereva akipuliza pumzi safi, waya unaungwa. Akiwa amekunywa, starta haipigi. Marekani hufungwa kwenye magari ya waliotiwa hatiani kwa kuendesha wakiwa wamelewa. Hapa kwetu anayeamua ni tajiri, yaani mwenye gari.

Kabla ya bei, uliza sensa, yaani kipande kinachonusa pombe kwenye pumzi. Chukua yenye seli ya elektrokemia. Zile rahisi za semikondakta huchanganya pombe na moshi wa sigara au mvuke wa petroli, na kwenye yadi yenye madumu ya mafuta utagombana nazo kila alfajiri.

Kiwango ndicho kiini cha jambo lote. Sheria yetu inataja miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, lakini kifaa kipangwe kwenye 20. Mwili hupunguza kama 15 tu kwa saa. Dereva aliyeacha mvinyo saa saba usiku akiwa na 120, saa kumi na moja alfajiri bado ana kama 60. Anajiona mzima, ameshaoga, na abiria wa Mwanza wanapanda. Huyo ndiye wa kuzuiwa.

Aliyesukutua kwa dawa yenye pombe asubiri dakika 15, la sivyo kifaa kitasoma mdomo badala ya mapafu.

Utingo atajaribu kumpulizia dereva, kwa hiyo nunua chenye kamera na kinachodai pumzi tena njiani. Dereva akishindwa njiani, kipige honi, kiwashe taa na kurekodi. Kisizime injini kamwe. Hebu fikiria basi likizimika kwenye mteremko wa Sekenke! Gari likisukumwa hadi liwake, kisanduku kizuri hurekodi hilo pia.

Malori mengi ni volti 24, magari madogo 12. Hakikisha kabla ya kulipa. Mafundi wengi husokota waya na kuzungushia utepe, kisha rasta za barabarani zinaulegeza na gari linagoma dereva akiwa hajagusa pombe. Dai waya zichomelewe kwa risasi. Kichwa kifunikwe dhidi ya vumbi, na kila dereva, pamoja na deiwaka (dereva wa kushikilia kwa siku), awe na mrija wake.

Sensa ihakikiwe kwa gesi ya kipimo, yaani yenye kiasi cha pombe kinachojulikana, angalau kila miezi 6. Kama muuzaji hana huduma hiyo Dodoma, nunua kichwa cha akiba. Kimoja kikisafirishwa, kingine kibaki kwenye gari.