nano 8 kazini: nilichokiwasha na nilichokiacha

Natumia nano, kihariri cha maandishi cha kwenye terminali, kwenye seva, hasa kuhariri faili za mipangilio. Kipimo changu kwa kila jambo jipya ni ile mistari miwili ya msaada chini ya skrini: mgeni akiisoma, je, bado atajua namna ya kuhifadhi na kutoka?

Toleo la 8.0, la mwaka 2024, limegusa vitufe. Ctrl+F sasa hutafuta kwenda mbele na Ctrl+B kurudi nyuma. Zamani vilisogeza kishale herufi moja. Naunga mkono, kwa sababu mishale ya kibodi inaifanya kazi hiyo tayari. Asiyetaka aongeze haya kwenye ~/.nanorc, faili yake ya mipangilio ya nano:

bind ^F right main
bind ^B left main

Chaguo la --modernbindings ndilo la kupima vizuri. Ctrl+C inanakili, Ctrl+V inabandika, Ctrl+Z inatendua, Ctrl+Q inatoka. Linamfaa sana anayeanza. Lakini Ctrl+X sasa inakata badala ya kutoka, Ctrl+O inafungua faili badala ya kuhifadhi, na Ctrl+W inahifadhi badala ya kutafuta. Mifumo ya Linux ya Ubuntu 24.04 na Debian 12 ina nano 7.2, ambayo hailijui chaguo hili. Vidole vikishazoea vitufe vipya, ukaingia kwenye seva ya aina hiyo na kubonyeza Ctrl+X ili ukate aya, nano itauliza kama uhifadhi mabadiliko. Ukijibu N kwa haraka, yote uliyoandika yamepotea. Ctrl+V nayo itakushusha ukurasa mzima na haitabandika chochote.

Kwa anayehudumia seva za matoleo mchanganyiko nashauri vitufe vya asili: Alt+A kuanza kuchagua, Alt+6 kunakili, Ctrl+K kukata, Ctrl+U kubandika, Alt+U kutendua. Mwenye kompyuta moja tu atengeneze kiungo (symlink, yaani jina la pili la programu) chenye jina linaloanza na herufi e:

ln -s /usr/bin/nano ~/.local/bin/e

Akiita e anapata vitufe vipya. Akiita nano, vya zamani viko palepale. Huu ndio uamuzi bora wa watengenezaji katika toleo hili.

Wanajua pia kurudi nyuma. Toleo la 4.0 la 2019 liliacha kuvunja mistari mirefu lenyewe, jambo jema mno, maana mstari wa mipangilio ukikatwa vipande viwili huduma inaweza kugoma kuwaka. Liliacha pia kuongeza alama ya mstari mpya mwishoni mwa faili, na hilo likarudishwa haraka katika 4.1, kwa kuwa faili sahihi ya maandishi inaihitaji.

Nilivyoviwasha ni set autoindent, set tabsize 2 na set tabstospaces, kwa kuwa YAML, muundo wa faili nyingi za mipangilio, haikubali tab kwenye ujongezaji. Napenda pia nano compose.yml:42, inayofungua faili moja kwa moja kwenye mstari wa 42 uliotajwa na ujumbe wa kosa.

set linenumbers nimeiacha: ukinakili kwa kipanya kutoka terminali, namba za mistari zinakuja pamoja na maandishi. Alt+N inazionyesha zinapohitajika. set mouse nayo nimeiacha, kwani ikiwaka, kwenye terminali nyingi lazima ushikilie Shift ndipo uchague maandishi. --zero inaficha hata mistari ya msaada; kwenye seva inayotumiwa na watu kadhaa, usiiweke ndani ya /etc/nanorc, faili ya mipangilio ya watumiaji wote.