Kundi kubwa la waandishi au watu watatu wa kusomeana?

Nimekaa kotekote kwa hiyo nasema nilichokiona. Kundi kubwa, lile la watu 200 na kitu, lina raha yake jamani, ukikwama usiku wa manane kuna mtu yuko macho, mashindano ya hadithi unayasikia mapema, na mswada ukikataliwa unakuta wengine nao wamekataliwa wiki hiyohiyo, inapoza moyo kweli. Ila ukiweka sura ya hadithi yako pale unaambulia "hongera, kazi nzuri" na dole gumba basi, aliyesoma mpaka mwisho humuoni.

Watu watatu ni kitu kingine kabisa. Tunapeana kurasa tano tano kila baada ya wiki 2, na kuna siku mwenzangu alipiga mstari ukurasa wa tatu akaandika pembeni "mama si ameshakufa, mbona hapa anapika?" Ile sura nilishaisoma mara nane sikuona!! Ubaya wake mmoja akiacha kuleta kazi wote mnalegea, na mkizoeana sana mnaanza kuoneana haya.

Mswada wangu nawapa watatu. Kundi kubwa sitoki, zile siku za kukataliwa nalihitaji.