Jeti Iliyotulaza Ndani ya Magugumaji

Mimi ni mvuvi wa Dunga, hapa Kisumu, na hasira bado ninayo, kwa hiyo mnivumilie.

Kijana wa duka aliniambia neno moja tu, nikatoa pesa niliyokuwa nimeweka ya mabati: "Mzee, hii haina propela. Magugumaji yatashika nini?" Nikaona ana akili. Sisi wa Ghuba ya Winam, huku Ziwa Victoria, tunajua taabu ya propela. Mizizi inajisokota, nyuzi za nyavu zilizotupwa zinakata sili inayozuia maji yasiingie kwenye gia, na ukifungua mafuta ya gia unayakuta meupe kama chai ya maziwa. Mafundi wamekula pesa yangu miaka mingi kwa hayo. Basi nikanunua jeti, yaani pampu inayovuta maji na kuyarusha nyuma ili boti iende, ikafungwa kwenye injini yangu ile ile mahali pa propela.

Hakuniambia kwamba jeti hunywa maji kwa mdomo ulio chini, wenye vyuma kama vya dirisha. Magugumaji yana haja gani ya kushika propela? Yanaziba mdomo, kwisha.

Alfajiri hiyo tulikuwa tunarudi na omena, vijana wawili na mimi, upepo umegeuka usiku na kusukuma magugu mpaka kwenye njia yetu. Ghafla injini ikapiga kelele kama imepagawa, na boti haisogei. Nikatazama maji ya kupoza, hayatoki. Katika jeti maji hayo hutoka kwenye pampu hiyo hiyo, kwa hiyo mdomo ukiziba injini inaungua. "Zima, omera, zima!" Tukainua, tukalala kifudifudi tukichomoa mizizi kwa vidole katikati ya vyuma. Tukawasha. Hatujaenda mbali, imeziba tena. Mara nne! Propela ningeinua, nikate kwa kisu, niondoke. Mara ya tano mizizi ilikuwa imeingia ndani na kuzunguka impela, lile panga la ndani linalosukuma maji, huko hufiki bila kufungua bolti, na spana ziko nyumbani.

Tukapiga kasia mpaka jua likawa kali. Akina mama wanaonunua omena walikuwa wameshaenda zao. Kazi ya usiku mzima ikauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Nikarudi dukani nikiwa na matope bado miguuni. Kijana hakuinuka kitini. Mbele ya wateja akasema, "Nyinyi wavuvi mmezoea kasia, mashine hamziwezi." Nina watoto wanaomzidi umri! Hata "pole, mzee" hakusema. Siku hiyo niliapa kwamba jeti ni wizi mtupu, nikamwambia kila mtu ufukweni. Na kuna jambo lingine alilolificha: jeti inakula karibu theluthi ya nguvu ya injini. Boti yetu ndefu ikishajaa mzigo inatambaa, na petroli inaisha kama imetobolewa tangi.

Lakini niseme na hili, maana ni kweli. Shemeji yangu yuko kisiwa cha Rusinga, kwenye ufuko wa mawe, na boti yake ni ndogo na nyepesi. Ameshavunja propela hapo hata hahesabu tena. Akaniomba ile jeti aijaribu. Nilipomtembelea nilimwona akiingia juu ya mawe yanayoonekana kwa macho, maji ya magotini, bila kuinua injini. Watoto walikuwa wanaogelea karibu, na kwa mara ya kwanza moyo wangu haukuruka nikiwaona karibu na boti, kwa sababu hakuna panga linalozunguka nje. Nilisimama pale nikaitazama kwa muda mrefu. Ni mashine nzuri. Nilikuwa nimeuziwa ya maji ya watu wengine.

Shemeji amekataa kuirudisha, ananilipa kidogo kidogo. Propela yangu ya zamani nimeifunga tena, na juzi imekula wavu wa mtu karibu na kisiwa cha Ndere. Nilikata kwa kisu nikaendelea. Lile duka nalipita kila nikienda kununua petroli, na yule kijana bado amekaa kitini.