Mto wa kiti wa fundi wa Keko: miezi saba kwenye kiti cha kushoto

Nafundisha udereva Dar es Salaam, huu mwaka wa 11, na usukani wenyewe naushika asubuhi nikilitoa gari chuoni na jioni nikilirudisha. Saa zote za katikati niko kiti cha kushoto, mguu unaelea juu ya breki ya mwalimu, shingo imegeukia kulia, namwambia mtu aachie klachi taratibu. Taratibu. Nimesema taratibu, dada.

Kiti hicho ndicho kilichonivunja kiuno. Siku moja nilishuka Mwenge nikashindwa kunyooka. Mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 20, akanishika mkono kama anamvusha bibi yake barabara. Tulicheka, lakini usiku sikulala. Hospitali wakapiga picha, pingili ziko sawa, wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyo hakunigusa kwanza. Akasema, "Mama, hebu kaa kama unavyokaa kazini." Nikakaa. Akanitazama muda, akasema, "Huu mgongo hauna ugonjwa. Una kazi."

Alinieleza jambo ambalo nilikuwa nalo mwilini bila kulijua. Dereva ana usukani wa kushika, na breki anaikanyaga mwenyewe, kwa hiyo mwili wake umeshajiandaa kabla gari halijasimama. Mwalimu hashiki kitu. Mwanafunzi akishtuka na bodaboda akakanyaga breki yote, mtikisiko unakuja bila hodi. Mguu wangu wa kulia hautulii sakafuni, basi uzito unaangukia kifandugu na nyonga moja. Juu ya hayo kiwiliwili nimekipinda ili nimwone mwanafunzi anaangalia kioo au anaangalia simu. Saa sita au saba kila siku, Jumamosi ikiwemo.

Nayasema haya kwa sababu ndiyo yanayoamua ununue mto gani. Mito ya dukani imeshonwa kwa ajili ya anayeshika usukani.

Nilianza na ule wavu mweusi wa mgongo unaouzwa Kariakoo, nikaupata kwa 10,000. Hewa inapita vizuri, na kama wewe ni dereva wa safari ndefu huenda ukakufaa. Mimi nikigeuka kulia nao unageuka, na kabla ya adhuhuri umeshapanda mabegani. Nikahamia shanga za mbao, zile za madereva teksi wa zamani. Hazina joto, nazipenda mpaka leo, ila zinateleza. Mwanafunzi alifunga breki karibu na mataa, nikajikuta nimechuruzika chini ya mkanda, magoti kwenye dashibodi. Siku ileile nikazitoa. Wa tatu ulikuwa mto wa jeli, nikauagiza mtandaoni kwa 45,000. Asubuhi raha tupu. Gari likishinda juani nusu saa, jeli inashika joto na hailiachii. Unakalia chapati iliyotoka jikoni.

Ndipo dada mmoja anayeuza sofa akaniambia niache kuhangaika na maduka, niende Keko kwa mafundi wa viti, nipeleke vipimo vyangu mwenyewe. Nikaenda na gari. Hilo ndilo jambo bora nililofanya, kwa sababu fundi alikaa kwenye kiti chenyewe akakipima. Viti vya magari madogo vimeinama kwa nyuma, makalio yanazama, magoti yanabaki juu. Akakata sponji ngumu ya haidensiti yenye mwinuko: inchi 3 nyuma, inchi 1 na nusu mbele, upana inchi 16. Nyuma katikati akatoa pengo la umbo la U, kifandugu kisiguse kitu. Nilimkatalia leza, kile kitambaa cha mfano wa ngozi, nikachagua kitambaa cha sofa kinachofuliwa. Chini akaweka mpira wa kuzuia kuteleza na mikanda miwili inayofungwa kwenye egemeo. Jumla 38,000.

Wiki mbili za kwanza sikuona ajabu yoyote, nikaanza kuzihesabu pesa zangu kichwani. Wiki ya tatu nikagundua nashuka kwenye gari bila kushika mlango. Sasa ni miezi saba. Maumivu ya kifandugu yameisha kabisa. Kiuno bado kinanisema siku za wanafunzi wapya kabisa, wale wa gari kurukaruka kama chura, lakini kinanisema jioni, siyo saa tatu asubuhi. Sponji haijabonyea, nimeipima, pale ninapokalia imepungua kidogo sana.

Kasoro zipo. Fundi aliniahidi Jumatano, mto nikaupata Jumamosi ya wiki iliyofuata, na simu kati ya hapo zilipokelewa na kila mtu isipokuwa yeye. Zipu ya plastiki ilikufa mwezi wa tano. Kitambaa cha kijivu kilikuwa kosa langu, vumbi la uwanja wa mazoezi linaonekana kama ramani. Pia aliniuzia kimviringo cha kuweka kwenye kiuno kwa 6,000 zaidi. Usinunue. Kanga iliyokunjwa inafanya kazi ileile. Natumia yangu ya zamani, imefifia hata jina lake halisomeki.

Hili kwa walimu wenzangu, tafadhali msilipite. Mto unakuinua. Ukishauweka, kabla gari halijaondoka, kanyaga breki yako hadi mwisho na uone kama goti bado limekunja kidogo. Likinyooka kabisa, sogeza kiti mbele au punguza unene wa mto. Rekebisha kioo chako upya, na hakikisha mkanda unapita kwenye nyonga, usipande tumboni. Fundi alitaka pia kunitengenezea kibao cha kuegemeza kisigino. Nikamkatalia. Kitu chochote kinachotembea sakafuni kitakuja kujificha chini ya pedali siku unayoihitaji, na upande wa mwanafunzi kuna pedali tatu zaidi.

Na mto haufanyi kazi peke yake. Yule mtaalamu aliniambia hakuna kiti kizuri cha kukalia saa sita, kuna kiti kinachokupa muda. Kwa hiyo kila ninapobadilisha mwanafunzi nashuka, nalizunguka gari mara mbili nikikagua matairi, nikiinama na kunyooka. Matairi yako sawa, nayajua. Wanafunzi wanadhani ni utaratibu wa chuo, na wengine sasa wanakagua bila kuambiwa, sijawasahihisha.

Kitu cha mwisho ni maji, ambacho mto hauhusiki nacho lakini kimenisaidia karibu sawa nao. Miaka yote nilikuwa sinywi maji kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Mwanamke atajisaidia wapi katikati ya foleni ya Ubungo? Walimu wanaume wana kuta, mimi nilikuwa na kiu, kichwa kinachogonga na mkojo wa kuungua mara kwa mara. Sasa njia zangu za kufundishia nimezipanga zipite kwenye sheli mbili zenye choo kisafi. Mwanafunzi anajifunza kuingia na kutoka barabara kuu, kuegesha, kuondoka kwa kurudi nyuma. Mwalimu anajifunza kunywa chupa nzima kabla ya adhuhuri. Ukiwa na presha au sukari, zungumza na daktari wako kabla ya kuiga ratiba ya mtu, lakini usiache kunywa maji kwa kuogopa choo.

Kwa mto wenyewe natoa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zipu na kwa ile Jumatano. Usimwendee fundi bila gari, na usilipe zote kabla hujakalia. Mwambie unakaa kiti cha kushoto na unageuka kulia, vinginevyo atakukatia mto wa dereva.

Mwalimu mwenzangu, mzee wa chuo aliyenicheka nilipokuja nao mara ya kwanza akisema nimeleta mto wa sebuleni, aliuazima wiki iliyopita kwa somo la mwanafunzi mmoja tu. Jana niliuona umefungwa kwenye gari lake, mikanda yote miwili. Nimeshampigia fundi aanze wa pili, zipu ya chuma, kitambaa cha kahawia. Ameniahidi Jumatano.