Adapta ya volti 24 kwenye themostati ya nyumba ya zamani: uzoefu wangu

Kwa wenzangu mnaoishi nyumba za zamani huku Minnesota, zile zenye boila chini na vyuma vya maji ya moto vyumbani: adapta ya volti 24 niliyonunua imenitoa kwenye balaa. Naipa nyota nne kati ya tano.

Boila langu linaleta nyaya mbili tu kwenye themostati, kile kifaa cha ukutani kinachowasha na kuzima boila: R wa umeme na W wa kuliamuru liwake. Themostati yangu ya kizamani haikudai zaidi, maana ni swichi tu: ikigusanisha R na W, boila linawaka. Hii mpya ya Wi-Fi niliyoifunga badala yake ina skrini na redio ndani, inakula umeme saa zote. Isipopata waya wa tatu wa kuilisha umeme muda wote, yaani C, hujiibia kidogo kidogo kupitia W. Sasa boila likiwaka, R na W zimegusana, volti baina yake inashuka karibu na sifuri, itaiba nini? Ndiyo maana betri yake ilikuwa ikikata roho usiku wa baridi kali, boila linaponguruma mfululizo. Yaani hapo hapo unapoihitaji!

Adapta yenyewe ni transfoma ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Inapokea volti 120 za ukutani, inatoa 24 za AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara. Angalieni sana hiyo AC. Zile za DC, umeme wa mwelekeo mmoja, za kamera na taa zimejaa madukani, nazo hazifai hapa hata ziandikwe 24. Kwangu waya mmoja umeingia tundu la C kwenye themostati, wa pili Rc (tundu la umeme la upande wa kupoza). R ya boila imebaki Rh (la upande wa kupasha joto), na kile kipande kinachounganisha Rh na Rc nimekitoa ili transfoma mbili, ya boila na ya adapta, zisikutane. Kama themostati yako haina Rh na Rc mbalimbali, soma maelekezo yake kwanza.

Kabla ya kuifunga, mita ilisoma volti 27 na ushei. Msishtuke, transfoma isiyo na mzigo, yaani isiyolisha kifaa chochote, hupanda hivyo. Ilipofungwa ikatulia kwenye 25, na skrini haijazima tena, hata Januari.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya waya wake: mfupi, na unaning'inia ukutani hadi kwenye soketi. Mama watoto hajaupenda mpaka leo.

Wenye hita za ukutani za volti 240, hii haiwahusu. Hizo zina themostati za aina yake. Ya volti 24 ukiifunga pale itaungua.