TAHADHARI: Anauza kebo ya USB ya printa za zamani Arusha, kisha anaitaka printa yenyewe

Wakuu, haya nawaandikia wenye maduka ya jumla, stoo, ofisi za usafirishaji na yeyote ambaye bado anatumia printa za utepe, zile tunazoziita doti matriksi. Kuna kijana anazunguka Ngarenaro, Kilombero na Unga Limited, na kwa niliyoyasikia Jumamosi iliyopita ameshafika hadi Mbuyuni, Moshi. Anauza kebo. Kebo ni chambo tu, anachokitaka ni printa yako.

Mzee wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro. Hati za kupokelea mzigo anazitoa kwa Epson LX-300+, nakala tatu kwa mpigo mmoja: nyeupe ya mteja, ya waridi ya stoo, ya njano inabaki ofisini. Printa za wino na za leza haziwezi kazi hiyo, kwa sababu hazigongi karatasi, na bila kugonga nakala za chini hazitoki. Mwezi uliopita kompyuta ya zamani ilikufa, tukanunua nyingine. Hii mpya haina lile tundu pana la pini 25 la kuchomekea printa. Ina USB tu.

Kijana akatokea siku mbili baadaye, sijui nani alimwambia. Akaingia na adabu zote. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Akasema yeye ni fundi, anayo kebo maalumu, upande mmoja USB na upande mwingine kiunganishi kile kikubwa cha printa, shilingi 65,000, pesa kwanza kwa simu kwa sababu mzigo uko kwa mwenzake. Mzee akatuma. Kebo ikaja, ikaungwa, kimya. Kijana akasema tatizo ni draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, akachukua 20,000 nyingine. Kimya. Kesho yake akaleta kebo ya pili na kipachiko cha katikati, akadai hiyo ndiyo yenyewe. Kimya vilevile. Hapo ndipo akatikisa kichwa: "Mzee wangu, printa imekufa, kichwa kimeungua. Hizi siku hizi hazina vipuri. Nikusaidie, nitaichukua kwa 25,000 kama chuma chakavu."

Mzee alinipigia akiiaga printa yake kama anayeaga mtu. Nikamwomba asimpe mtu yeyote hadi nifike.

Nilipofika nilifanya jambo moja kabla ya yote. Nilichomoa kebo zote isipokuwa ya umeme, nikaweka karatasi, nikashikilia kitufe cha LF/FF huku nawasha. Printa ikaanza kulia na kuandika mistari ya herufi, moja baada ya nyingine, safi kabisa. Hilo ni jaribio ambalo printa inalifanya yenyewe bila kompyuta. Kichwa kilichoungua hakiandiki hivyo. Haki niseme pia kwamba jaribio hili halipimi tundu la kebo, linapima kichwa, mota na utepe. Kwa tundu, tuliipeleka kwa jirani mwenye kompyuta ya zamani yenye poti ya paraleli, lile tundu pana la pini 25. Ikatoa nakala tatu palepale.

Basi nikafungua kile kiunganishi cha kebo ya kwanza kwa bisibisi. Ndani mna nyaya nne za USB, nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi, zimechomelewa moja kwa moja kwenye pini. Hakuna kitu kingine. Hakuna chipu. Hapa ndipo ninapotaka kila mtu aelewe, maana mtu akielewa hili hataingizwa mjini. Poti ya paraleli hupeleka biti nane kwa pamoja, kila moja na waya wake, kisha waya mwingine unatoa mshtuko wa kusema "pokea", na printa inajibu kwa nyaya zake kwamba ina shughuli au imeshapokea. USB haina nyaya hizo. Ina mbili tu za data, na inapeleka biti moja nyuma ya nyingine kwa lugha yake. Katikati lazima awepo mkalimani, na mkalimani ni chipu. Kebo isiyo na chipu haiwezi kufanya kazi hata uweke draiva mia.

Dalili yake iko wazi: ukiichomeka, Windows haitoi hata mlio, na kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, hakuna kinachoongezeka.

Kebo ya pili ilikuwa na chipu kweli, ila ya siriali, njia nyingine ya zamani inayopeleka biti moja moja. Kiunganishi chake kina pini 25 kama cha paraleli, kwa hiyo macho yanadanganyika. Ukiichomeka inajitokeza kwenye Device Manager kama COM3 au COM namba nyingine, yaani poti ya siriali. Ukiona COM, irudishe. Isitoshe, siriali hutumia volti chanya na hasi zinazoweza kupita zile 5 za paraleli, kwa hiyo kulazimisha na vipachiko kunaweza kuiua printa iliyokuwa nzima. Hili lilinikasirisha kuliko pesa. Kebo ya kweli ikichomekwa inasajiliwa kama kifaa cha kuchapia, na ukienda kuweka printa utaona poti iitwayo USB001 au jirani yake.

Sasa huyu wa Moshi. Ni baba mwenye stoo ya nafaka Mbuyuni, tulikutana msibani tukaanza kuongea. Kijana wa sura hiyohiyo, maneno hayohayo, "shikamoo mzee" ileile. Baba huyo alikuwa ameshamuuzia printa yake, 30,000. Nikamuuliza ilikuwa printa gani. LX-350. Nilinyamaza kidogo. LX-350 ina tundu lake la USB nyuma, la mraba, ilitoka nalo kiwandani. Alikuwa amezoea kebo pana ya zamani, na tundu lile lilikuwa limezibwa na vumbi la mahindi. Waya wa kawaida wa printa wa elfu chache ungetosha. Wiki iliyofuata aliiona printa yake kwenye kibanda kimoja, na ile alama ya gundi aliyoibandika mwenyewe, inauzwa 280,000. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, geuza printa yako, futa vumbi, utazame nyuma. LX-300+ II nayo ina USB, ile LX-300+ ya mzee haina.

Sisi tulipata kebo yenye chipu sahihi, na tukalipa baada ya kuona karatasi. Palikuwa na fundo moja lililobaki, na nalitaja kwa sababu kijana alimwahidi mzee kwamba kebo "inakubali programu yoyote". Si kweli. Programu yetu ya ankara ni ya zamani, inatuma moja kwa moja LPT1, jina ambalo Windows huipa poti ya paraleli, na kebo hizi hazitengenezi LPT1. Ilibidi tuishirikishe printa kwenye mtandao wa ndani, halafu tuielekeze LPT1 huko kwa amri ya Windows iitwayo net use. Na kama programu yako ni ya DOS kabisa, mfumo wa kabla ya Windows, ya biti 16, Windows ya biti 64 haitaifungua kamwe bila programu ya kuigiza DOS, na Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Mwenye kompyuta ya mezani inayofunguka anaweza kuweka kadi ya PCI Express yenye poti halisi ya paraleli. Apime kwanza kama boksi lake ni jembamba, zipo kadi za bati fupi. Na kebo ya paraleli ichomeke au ichomoe vifaa vikiwa vimezimwa.

Pesa za mzee, 85,000, hazijarudi. Namba aliyolipia haipokelewi. Kijana hakutoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na tulipomdai alisema mashine iko kwa mwenzake, mwenzake yuleyule wa mzigo. Tumeripoti polisi na kuchukua RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu, na ujumbe wake wa kudai pesa tumeutuma 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa kitapeli. Yule baba wa Mbuyuni naye nimemsihi aripoti, kwa sababu malalamiko mawili yenye maelezo yaleyale yana uzito.

Wenye wazazi madukani, wapigieni leo. Waambieni printa isitoke dukani kwa mtu yeyote, hata kwa "kupimwa", na anayeleta kebo aiunge mbele yao, kwenye printa yao, itoe nakala zote tatu, ndipo walipe.