TAHADHARI: Boksi limeandikwa 428H, cheni iliyomo ni 428

Mnaotafuta cheni ya pikipiki, hasa mnaoagiza mtandaoni, kuweni macho. Kuna wauzaji wanaokuletea boksi zuri lenye 428H kubwa mbele, namba ya cheni nzito, na ndani wamekuwekea 428 ya kawaida. Hutaugundua mchezo huu kwa kufunga, kwa sababu cheni zote mbili zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na upana wa ndani wa karibu milimita 7.9. Inakaa kwenye sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) kama ilizaliwa nayo. Tofauti iko kwenye unene wa mabamba ya pembeni: ya 428H yanakaribia milimita 2, ya 428 ni kama 1.5. Kwa macho huioni. Kwa venia, kile kipimo cha kubana chenye milimita, unaiona hapo hapo.

Kwa hiyo acha boksi, soma cheni yenyewe. Namba iwe imegongwa ikaingia kwenye chuma cha bamba. Ikikwaruzika kwa kucha, hiyo ni rangi. Ukinunua kwa picha, dai picha ya karibu ya bamba na ya loki (kiungo cha kuunganishia cheni, chenye pini mbili na klipu) kabla hujatoa hela. Na loki ndiyo inayowaumbua zaidi. Pini za loki ya 428 ni fupi, kwa hiyo ukiifunga kwenye 428H mfereji wa klipu unabaki nusu umefunikwa na bamba. Klipu utaisukuma kwa nguvu na itaonekana imekaa, kumbe imeng'ang'ania ukingo tu. Inaruka barabarani. (Ikikaa vizuri, upande wake uliofungwa utazame mbele, kule cheni inakoelekea. Wengi wanaigeuza.)

Kauli ya kuogopa ni hii: "Si umeona imeingia?" Cheni pana kuliko sproketi mara nyingi huingia, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Kwenye namba ya cheni, tarakimu ya kwanza inaonyesha umbali wa pini hadi pini: 4 ni milimita 12.7, 5 ni 15.875. Mbili za mwisho ni upana. 520, 525 na 530 zina umbali mmoja na rola (vile vipande vya mviringo vinavyozunguka kwenye pini) za unene mmoja, ila upana wa ndani ni karibu 6.4, 7.9 na 9.5. Ukivisha 530 kwenye sproketi ya 520 inazunguka, huku ikicheza kushoto na kulia na kula meno ubavuni. 428 kwenye sproketi ya 420 ni mbaya zaidi, maana hata rola hazilingani: ya 428 ni milimita 8.5, ya 420 ni 7.8, hivyo haifiki chini ya bonde la jino. Ishike cheni nyuma ya sproketi kubwa, isukume pembeni. Ikitembea sana, muuzaji amekubambikia. Sproketi nyingi zimegongwa saizi na idadi ya meno. Safisha grisi usome, usitegemee cheni ya zamani peke yake, huenda nayo ilifungwa kimakosa.

Halafu kuna cheni iliyotumika, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikapakwa oili na kuitwa mpya. Kipimo chake ni rahisi na rula inatosha. Inyooshe kwa kuivuta, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ya 21. Cheni ambayo namba yake inaanza na 4 lazima ipate milimita 254, inayoanza na 5 ipate 317.5. Cheni ya 428 "mpya" inayosoma 257 imeshatembea; ikifika 259 ni ya kutupa. Ukiifunga kwenye sproketi mpya, rola zinapanda juu ya meno badala ya kulala bondeni, na seti nzima inakufa mapema.

Kwenye idadi ya pingili wanacheza pia. Kila pini hadi pini ni pingili moja, nyembamba na pana zote zinahesabiwa, na kwa loki ya kawaida jumla lazima igawanyike kwa mbili. Pikipiki ikitaka 118 ukapewa 116, umepunjwa milimita 25.4, na ekseli ya nyuma italazimika kwenda mbele kama 12.7. Mara nyingi nafasi hiyo haipo. Hapo ndipo utaambiwa kipande kitaungwa kwa loki ya pili. Kataa. Cheni ndefu hukatwa, fupi hairefushwi. Kama sproketi ya nyuma iliongezwa meno 4, ongeza pingili 2.

Cheni za raba, zile zenye vipete vya raba kati ya mabamba, zina udanganyifu mdogo: vipete vionekane kila pingili, na cheni mpya iwe nzito kidogo kujikunja. Ila ni nene kwenye pini, na kwa pikipiki ndogo inaweza kusugua kava la injini.

Haya yote yafanyike kaunta, au siku mzigo unapofika, cheni ikiwa bado haijafungwa. Ikishapita kwenye sproketi ikashika grisi, muuzaji atasema umeshaitumia.